Kiti cha Ghalani na Gemu za Meneja

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa kiwandani! Msimamizi wa ghala anastaafu mwisho wa mwezi. Kiti kitakuwa wazi. Kiti chenyewe nakijua: kina magurudumu, kiko kwenye chumba chenye mlango na feni, mbali kabisa na mapipa ya gundi. Mimi nabandika sponji za magodoro mwaka wa kumi na moja sasa. Nanuka gundi. Nikioga, nanuka gundi iliyooga. Mke wangu akinipokea mlangoni hugeuza shavu, na juzi kauhamishia mto wangu upande wa dirishani, eti nipate hewa. Hewa apate yeye! Inaniuma, nisiseme uongo. Nakitaka kile kiti kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka.

Meneja mpya kasema atachagua mwenyewe. Kijana wa juzi, ndevu zenyewe bado zinaomba ruhusa ya kuota. Saa ya chakula anajifungia ofisini na mashine ya gemu, anacheza mpira kwenye televisheni. Mtu na cheo chake! Na nani namwona anatoka humo akifuta machozi ya kicheko? Ndiyo-Bosi. Huyu ni mkata sponji. Jina kapewa kwa sababu husema "ndiyo, bosi" kabla bosi hajafungua mdomo. Nikachunguza. Kumbe kila siku anacheza na meneja, na kila siku anafungwa. Hapo nikaelewa. Anamvika mwenzake kilemba cha ukoka! Sawa. Kilemba hicho hata mimi najua kukifunga. Kuanzia kesho nami ni mcheza gemu.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa simu na wa kila takataka yenye waya. Kaniazima mashine yake ya gemu. Nikamwambia ni kwa ajili ya utafiti. Akacheka kabla sijaiwasha.

Nimeanza na mpira. Upuuzi mtupu! Kile kidude cha kushika mkononi, wanakiita padi, kina vitufe kuliko vidole alivyonipa Mungu. Kitufe cha kutoa pasi ndicho hichohicho cha kukaba. Kipa wangu ana tabia ya kutoka golini akaenda kutembea. Bao nilifunga moja, safi kabisa, la kichwa, nikaruka mpaka nikamwaga chai. Shemeji akaniuliza kwa upole kama najua timu yangu imevaa rangi gani. Na mtangazaji je! Mashine inanisimanga ndani ya sebule yangu mwenyewe! Halafu, mpira gani huu ambao mchezaji akianguka haombi hata maji?

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, anafuma kitambaa cha meza. Huyu alikuja kwetu kwa wiki mbili, kutibiwa jicho. Huu ni mwezi wa tano. Jicho lilishapona, sasa anaona mpaka ninayoyawaza. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona kila ukiupata mpira unamgawia mwenzio?" Nikamjibu kwa heshima kwamba ni mbinu.

Jumatano, 5 Machi

Huenda mpira si fani yangu. Leo nimejaribu gemu nyingine. Bure kabisa!

Kwanza magari. Barabara haina shimo hata moja, wala mtu anayevuka huku anaongea na simu. Hao madereva wamejifunzia wapi? Niliendesha kwa adabu, nikawapisha wenye haraka, nikawa wa mwisho. Shemeji kaniambia baadaye kwamba nilikuwa naelekea kinyume tangu mwanzo. Sasa kama ni kinyume, kwa nini waliniruhusu kupita?

Pili vita. Nimeshuka kwa mwavuli kisiwani, nikasimama kusoma maelekezo, nikauawa. Nimeshuka tena, nikajificha chooni, nikauawa. Muuaji akakata kiuno juu ya maiti yangu. Malezi gani hayo? Nikamwandikia ujumbe kumuuliza kama ana wazazi. Akaniua mara ya tatu.

Tatu shamba. Hii ndiyo imenichefua kuliko zote. Nilikimbia jembe la baba nikiwa na miaka kumi na saba, nikaja mjini. Leo nakaa sebuleni napalilia mahindi yasiyoliwa, na ng'ombe wa kwenye kioo ananililia eti sijamkamua! Marehemu baba angeingia pale ningemweleza nini? Nikamwacha ng'ombe afe. Hafi. Analia tu.

Nne matofali. Mwashi gani anakaa kusubiri tofali lidondoke kutoka juu? Na ukipanga safu ikanyooka, inafutwa! Ukipanga ovyo ndiyo inabaki. Huo ni utawala wa kiwandani kwetu, sihitaji kuja kuutazama nyumbani.

Nikaenda kuoga kwa hasira. Narudi, nakuta mama mkwe kashika padi. Kitambaa cha kufuma kakiweka pembeni. Mwanamke kafuma maisha yake yote, vidole vinakwenda vyenyewe, macho hata hayaangalii chini. Karudisha ule mpira, anaongoza sita bila. Nikasimama pale na taulo langu, na wazo likanishukia. Lo! Wazo kubwa namna gani!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita mbele ya ofisi ya meneja nikitikisa kichwa, nikijisemesha kwa sauti kwamba mabeki wangu jana walinichosha. Akatoka mbio. Akauliza kama nami nacheza. Nikasema kidogo tu, ila mtaani kwetu watu wameacha kunialika. Ndiyo-Bosi akapaliwa na maji. Meneja kasema tucheze Jumapili alasiri, kila mtu kwake, kwa intaneti. Chambo kimemezwa!

Mpango ni huu. Mama mkwe acheze, sifa zije kwangu. Mechi mbili ashinde, nionekane mtu wa maana. Ya tatu afungwe kidogo, meneja aonekane wa maana zaidi. Ndiyo-Bosi anajua kushindwa tu, kushindwa kijinga. Mimi nitashindwa kwa sanaa.

Nimemweleza mama, tena kwa unyenyekevu. Akasema amelea watoto saba na kumzika mume, na hajawahi kujifanya ameshindwa na mtu. Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwisha!

Mechi ya kwanza, mabao tisa bila. Ya pili, saba bila. Nikasema sawa, sasa mama legeza. Akaanza ya tatu kwa bao la dakika ya kwanza. Mama, mwachie kidogo! La pili. Nikamsihi, nikamwambia huyo kijana ni mpumbavu, kiwanda kakabidhiwa wakati alipaswa kuwa bado shuleni, ndevu zake ni aibu tupu, lakini ghala analo yeye! La tatu. Mama naye hakufunga mdomo: mara golini kwake ni sokoni, kila mtu anaingia, mara huyu mtoto kwao hawamlishi?

Ndipo shemeji akaingia. Akaitazama mashine, akauliza mbona maiki iko wazi. Maiki gani? Iliyomo ndani ya padi, akasema, na kwamba mwenzetu upande wa pili anasikia kila kitu, hata kijiko kikigonga kikombe.

Nizime? Padi iko mikononi mwa mama mkwe. Nani aliyewahi kumpokonya mkwewe kitu mkononi? Nilipooa niliapa mbele ya wazee kumheshimu. Waya wa umeme je? Umepita chini ya kochi, kati ya miguu yake, na kuufikia ningelazimika kupiga magoti na kupitisha kichwa kwenye sketi ya mkwe. Afadhali kufukuzwa kazi. Nikabaki nimesimama wima, mikono nyuma, nimefumba mdomo, jasho linanitiririka. Mama akafunga la sita, akamshauri mpinzani wake awahi kulala.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa ofisini. Niliingia nikiwa nimeshaliaga pipa langu.

Meneja anacheka! Kasema Ndiyo-Bosi kamwachia ashinde tangu ahamie hapa, mpaka gemu yenyewe imekosa ladha. Kasema jana ndiyo mara yake ya kwanza kufurahi katika mji huu. Ya ndevu, hata mama yake humwambia. Kisha akaacha kucheka. Akaeleza kwamba ghalani vitu vinapotea, na kila anayemuuliza anamjibu vile anavyotaka kusikia. Anatafuta mtu mmoja tu asiyemdanganya. Akaniangalia usoni, akaniuliza nani alikuwa akicheza jana.

Hapo mjinga angesema kweli. Mimi si mjinga. Nilinusa mtego mara moja! Nikamwambia nilicheza mimi, zile sauti zilikuwa redio ya jirani.

Akanipa padi.

Nimejifunga mara tatu. Kipa wangu akatoka kwenda kutembea, kama kawaida yake. Nikasema gundi imenikaza vidole, ni ugonjwa wa kazi, unakuja na kuondoka. Ndiyo-Bosi alikuwa mlangoni, kaja eti kuazima mkasi, anapiga makofi mshenzi yule. Meneja akasema pole kwa vidole. Akasema Jumamosi atakuja kwangu kunijulia hali, na kucheza marudiano.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya aibu. Naandika haraka.

Nilijifunga bandeji mkono wa kulia, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Mama mkwe nilimtafutia safari: nikamwambia shemeji yu hoi kitandani, aende akamuuguze. Akavaa viatu, akachukua mkoba. Mambo yakawa yananyooka. Hodi! Nani? Meneja, kaletwa na shemeji mwenyewe, mzima wa afya, kamkuta njiani akiulizia nyumba.

Mama mkwe akamtazama mgonjwa wake. Akanitazama mimi. Meneja akasalimia, shikamoo mama. Mama akaijua sauti. "Marahaba. Kumbe ndiye wewe mtoto usiye na ulinzi!" Akavua viatu, akakaa, akamwonyesha nafasi kwenye kochi. Wakacheza alasiri nzima. Kelele! Vicheko! Meneja kafungwa mpaka kajilaza sakafuni, na anashukuru! Mimi ndiye niliyepeleka chai, kwa mkono mmoja, halafu nikasahau nikapeleka sahani kwa miwili. Mke wangu akaitazama bandeji. Akageuza shavu, na leo haikuwa harufu.

Katikati ya mechi meneja akamuuliza mama alikuwa anafanya kazi gani zamani. Akasema alikuwa mtunza ghala wa shule ya bweni, mashuka, mablanketi na magodoro, mpaka alipostaafu. Kasema mwalimu mkuu aliwahi kujaribu kutoka na blanketi, akalirudisha mwenyewe. Miezi mitano yuko chini ya dari yangu, siri kama hiyo anaificha! Nikamlalamikia mke wangu jikoni. Mke wangu kasema si siri, ila sijawahi kumuuliza mama yake chochote isipokuwa anarudi lini.

Niliporudi sebuleni, meneja alikuwa ameweka padi chini. Anamuuliza mama kama bado ana nguvu za kufanya kazi.

Jumatano, 2 Aprili

Mama mkwe ndiye msimamizi wa ghala. Kiti kakizungusha mara mbili kukijaribu, akasema ni kirefu mno, kikashushwa. Feni kasema inamletea mafua. Imezimwa! Feni ile! Nilisimama mlangoni nikaitazama ikipunguza mwendo mpaka ikasimama, na nilitamani kulia.

Asubuhi tunatembea pamoja hadi kiwandani, yeye mbele, mimi nyuma na mkoba wake. Ndiyo-Bosi tayari anasema "ndiyo, mama." Mchana kapita sehemu ya gundi, akakunja pua, akaniambia mbele ya watu wote, "Mwanangu, kile kiti kilikuwa chako. Kijana kaniambia mwenyewe. Ungemjibu kweli siku ile, leo mimi ningekuwa nyumbani nafuma." Kisha akaenda zake. Wenzangu wakainamia sponji zao, mabega yanawatikisika.

Neno hilo limenichoma. Nimeliwaza tangu mchana, nikiwa nabandika, nikiwa natembea, nikiwa naoga. Na nimekubali, funzo lipo: nilikuwa namlenga mtu asiye sahihi. Meneja si chochote. Kwani nani sasa mwenye ghala? Na leo jioni nimesikia kwa masikio yangu, mama anamwambia mke wangu kwamba anahitaji msaidizi, ndani kulekule ghalani, mbali na gundi, na kwamba msaidizi huyo atamchagua mwenyewe.

Kwa hiyo Jumapili nitamwomba tucheze mpira, yeye na mimi. Nitamwachia anifunge. Mabao kumi, kumi na tano, atakavyo. Kazi ngumu itakuwa moja tu, kuonekana ninajitahidi, asije akagundua kwamba namwachia makusudi.