Sanamu Yangu Imeumuka

Jumatatu, 3 Juni
Nafasi imepatikana! Ukumbi ninaoufagia una maonyesho Ijumaa, na kila kona lazima iwe na shairi, picha na sanamu, vitatu vinavyosema jambo moja. Kundi moja limejitoa. Nimemwambia Mwenyekiti wa maonyesho ninavyo vyote. Ninalo shairi tu, la Bosi, mwanangu wa miezi minane. Shule niliachia la saba. Maneno yangu hayajawahi kukaa ukutani. Wifi, aliyesomea kuchora, amepewa kona ya mlangoni. Kaniuliza tangu lini fagio likawa kalamu. Nikamwambia, wifi, Ijumaa si mbali.

Jumanne, 4 Juni
Picha tayari. Baba Bosi hupaka nyumba rangi, sura za watu hawezi, basi kanichora kwa nyuma, Bosi mgongoni. Rangi ni masalia ya dari ya mtu. Alitaka nisimame wima. Nikamwambia abebe yeye kilo tisa, tuone huo uwima.

Ijumaa, 7 Juni, asubuhi
Sanamu bado. Udongo sina. Lakini jikoni mama mkwe kafunika beseni la unga aliokanda, wa mkate. Mlaini kama shavu la Bosi. Nimefinyanga mama na mtoto mgongoni, vijiti ndani. Una hamira, najua. Nimeupaka rangi ya mafuta mara mbili. Rangi itaibana.

Ijumaa, jioni
Rangi haikubana.
Taa ya ukumbi ilikuwa juu yake kabisa, inachoma. Wageni wameshaingia, mtoto wa sanamu akaanza kunenepa. Rangi ikapasuka. Mama akainama, akazidi kuinama. Wifi akawatangazia watu wote kwamba jamani, huo ni mkate, nyumbani kwetu wameshinda njaa kwa ajili yake. Mwenyekiti akanitazama. Nikatafuta fagio langu, angalau nionekane nina kazi.
Bibi mmoja wa miwani hakuniona wala hakumsikia wifi. Alikuwa anasoma shairi langu, kwa sauti:

Asubuhi nilibeba mtoto,
jioni nabeba mzee wa kaya.
Kua, mwanangu, kua,
mgongo huu ni wako.

Akatazama picha. Akatazama sanamu, na mtoto yule anakua mbele ya macho yake. Akafuta miwani. Akasema amelea saba na hakuna aliyewahi kumwonyesha mgongo wake mwenyewe. Watu wakajaa konani kwangu. Kona ya mlangoni ikabaki na wifi, na hatimaye wifi naye akaja. Kaniuliza nilijuaje kwamba itaumuka kwa wakati ule. Nikamwambia ni mahesabu.

Jumamosi, 8 Juni
Mwenyekiti kaniita. Kasema shairi langu litabaki ukutani mwezi mzima, na jina langu litaandikwa chini yake. Nimelia kidogo, Bosi akanifuta kwa kiganja chenye uji. Sanamu imeanza kunuka, imetolewa nje. Mwenyekiti kaniomba kwa upole kwamba maonyesho yajayo nitumie udongo, na vyakula vya watu niviache jikoni. Nimemwitikia kwa adabu. Nimekosa, nimeelewa.
Nimerudi nyumbani, mama mkwe bado kanuna. Ila kagandisha maziwa, ndoo nzima. Nimeyagusa kwa kijiko. Meupe, mazito, yanasimama yenyewe.
Na hayana hamira hata chembe.