Siku Kopo Langu Lilipoikimbiza Sakina

Jamani, leo mtaa wetu mzima wa Sakina umenijua, na si kwa wema. Nimekaa hapa kwenye intaneti kafe ya mjini, kofia ya jua kichwani ingawa niko ndani, nawaandikia kabla hamjayasikia kwa watu wengine.

Mnanijua. Mimi ni fundi cherehani, lakini cherehani haijawahi kunitosha. Nimefuga nyuki (majirani wakanishtaki). Nimepika sabuni. Nimejifunza kinanda. Nimefungua redio kadhaa ili nione sauti inakaa wapi, na nyingine mpaka leo hazijafungika. Kitu kikinishika, hata chakula nasahau. Safari hii nimeshikwa na picha.

Yupo mzee mmoja mjini, Bwana Harish, mwenye studio. Siku hizi wateja wake wote wanataka picha za rangi, basi karatasi zake za zamani za nyeusi na nyeupe akanigawia chache, pamoja na dawa ya kuzisafishia. Akaniambia kitu kilichoninyima usingizi: kwamba kamera si lazima. Chukua kopo, lipake rangi nyeusi ndani, toboa tundu kwa sindano, weka karatasi ukiwa gizani, funga. Mwanga utaingia na kuchora wenyewe. Wenyewe!

"Na watu wanaopita?" nikamuuliza.

"Hao hawatatokea. Kopo linaona kilichotulia tu."

Nyinyi mngelala? Mimi sikulala.

Leo alfajiri Meru ilikuwa wazi hadi kileleni, hata kiwingu hakuna. Nikachukua kopo la mafuta ya kupikia, nikalizungushia utepe mweusi wa mafundi umeme ili mwanga usipenye. Nikavuka barabara, nikalifunga kwa waya kwenye nguzo ya kibao mbele ya gereji, tundu likitazama mlima. Waya ulikuwa unacheza, nikaukaza kwa kipande cha kitambaa. Nikafungua tundu, nikarudi zangu kushona. (Je, nilipaswa kumwambia mtu? Sasa jibu ninalo.)

Asubuhi ilipokolea akaja Mama Anaeli. Huyu ni mama wa kanisani kwetu, anaoza binti. Gauni la bibi harusi na sare za kamati nzima alikuwa bado hajampa fundi. Kazi kubwa namna hiyo sijawahi kuipata maishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndeshi, nitakwambia ukweli. Mkono wako naupenda. Lakini watu wanasema una mambo mengi. Leo nyuki, kesho kinanda. Gauni la mwanangu litaisha kweli?"

"Hayo nimeshayaacha, mama. Siku hizi ni cherehani tu."

(Mungu ananiona.)

Hapo hapo tukasikia makelele. Tukatoka nje. Watu wanakimbia kila upande! Lomayani, fundi wa gereji, akatupita mbio na spana mkononi.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Bomu! Limefungwa kwenye nguzo! Lina nyaya, linalia tik tik tik!"

"Kubwa?"

"Kama dramu!"

Ameshasema dramu. Mimi nilifunga kopo. Akili yangu haikuunganisha kitu kabisa. Nikamkamata Mama Anaeli mkono, tukatimua mbio. Katikati ya barabara kiatu kikamtoka.

"Kiatu changu!"

"Kiache mama, roho kwanza!"

Tukajibanza nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga pamoja na umati mzima. Hapo mwenye busara angenyamaza. Lakini mimi ni mtu aliyefungua redio! Nikapanda juu ya tofali.

"Zimeni simu za mkononi! Mawimbi yanaweza kulilipua!"

Wale wachache wenye simu wakazitoa, wakahakikisha wote tumeziona, ndipo wakazizima. "Huyu dada anajua," mmoja akasema. Nikanogewa. Nikawaeleza habari za betri. Nikawaeleza habari za nyaya. Mama Anaeli mwenyewe, mguu mmoja peku, alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali.

Polisi wakafika. Afande mmoja mnene akauliza kama kuna mtu mwenye ujuzi wa umeme. Vidole vyote vikanielekea mimi.

"Mama, sogea unisaidie kuangalia. Hatutakaribia sana."

Nikasogea. Kusema kweli, nilikuwa na hamu. Bomu sijawahi kuliona. Nikatafuta dramu, sikuliona. Nikaona kopo. Nikaona utepe mweusi. Halafu nikaona kile kipande cha kitambaa kwenye waya: kitenge cha maua ya zambarau.

Mnakumbuka nimesema mimi ni fundi? Mabaki ya kitambaa sitafuti mbali. Kitenge chenyewe nilikuwa nimekivaa.

Afande akatazama nguzo. Akatazama sketi yangu. Akatazama tena nguzo.

"Mama."

"Naam, afande."

"Hayo maua..."

Nikageuka, nikamwona Mama Anaeli ananiangalia kwa fahari. Nikatamani ardhi ipasuke. Ningeweza kukana, kitenge kile wanacho wanawake wengi. Lakini nikikana, nani angethubutu kwenda kulifungua kopo pale kwenye nguzo?

"Ni langu," nikasema.

"BOMU NI LAKO?"

Umati wote ukasikia.

"Kopo, afande! Kopo ndilo langu! Ni kamera!"

"Kamera iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

Akaisogelea nguzo, akanyoosha mkono kwenye mfuniko. Nikasahau kila kitu, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote ya kwaya:

"Usifungue! Itaungua!"

(Picha, jamani! Mwanga ukiingia, picha itaungua!)

Afande akalala kifudifudi vumbini. Nyuma yangu Sakina ikakimbia mara ya pili, safari hii hadi mashine ya kusaga ikaachwa inasaga yenyewe.

Alipoinuka hakuwa na utani. Akataka ushahidi. Basi nikaziba tundu, tukaenda chumbani kwangu, nikaning'iniza mablanketi mlangoni na dirishani, taa nikaifunika kitambaa chekundu. Nikaizamisha karatasi kwenye dawa. Afande amekunja uso. Kwanza hakuna kitu. Halafu mstari. Halafu bega la mlima.

"Inakuja!" akasema. Kofia ameshaivua, ameinama juu ya beseni kuliko mimi. "Inakuja, mama, angalia!"

Kwenye karatasi ile cheupe huwa cheusi na cheusi huwa cheupe. Meru ilikuwa imesimama nyeupe kabisa. Barabara tupu. Hakuna gari, hakuna mtu, Sakina yote imefutika. Kwa mbele tu, katikati ya barabara, kilikuwepo kitu kidogo cheupe.

Nilipoisuuza na kuitoa nje, afande akauliza ni nini kile. Mama Anaeli, aliyekuwa anasubiri pale nje, akainama.

"Kiatu changu," akasema.

Afande akanionya kwa ukali. Halafu, akiwa mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini: "Kopo la maziwa linafaa?"

Tukabaki wawili.

"Ulisema mambo mengi umeyaacha," Mama Anaeli akasema.

"Nilikudanganya, mama."

"Nimeona. Lakini mafundi wote ninaowajua hukana hata kitambaa nilichowapa kwa mkono wangu. Wewe umekubali bomu mbele ya polisi. Kesho njoo upime watu. Na hilo kopo nisilione kanisani."

Nimelia kwa furaha. Nikafunga duka, nikaja mjini kwa miguu, kwa njia za nyuma, nisionwe. Nimetokea barabarani, kibasi cha kifodi kinasimama mbele yangu, konda anapaza sauti: "Wa mjini panda! Tumetoka Bomuni, wa mjini panda!"

Kituo cha pale gereji kimeshapata jina. Nawaombeni, mkija kunitembelea, msishukie hapo kwa kulitaja.