Pumzi ya Mwananchi: Uzinduzi wa Kituo cha Kuwaachisha Wagonjwa Mashine

Waheshimiwa wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi na wasaidizi wa wasaidizi, viongozi wa dini zote, wadau wa maendeleo, madaktari, wauguzi, na ninyi wananchi mliokuja kwa hiari yenu baada ya kuamriwa: itifaki imezingatiwa, na iliyobaki ijizingatie. (Makofi.)

Kama mjuavyo, mtu akikaa kwenye mashine ya kupumulia wiki nenda wiki rudi, misuli ya kifua inalegea, mwili unasahau kazi yake, hivyo huwezi kuichomoa ghafla kama chaja ya simu. Anaachishwa polepole kama mtoto aachishwavyo ziwa, leo kidogo, kesho zaidi, muuguzi akiwa kando. Haya nimeyasoma garini nikija hapa, kwa hiyo naongea kama mtaalamu. Ndiyo maana ofisi yangu, kwa stratejia shirikishi na kwa maono ambayo, bila kujisifu, ni yangu, imeleta kituo hiki cha kisasa ambamo hajafia mgonjwa hata mmoja! (Vifijo viti vya mbele.)

Naam, mama pale nyuma, mpeni kipaza sauti, sisi ni wasikivu.

(Mama: "Mheshimiwa, mimi ni mke wa yule seremala aliye kwenye mashine, wodini ng'ambo ya barabara. Jana alipumua mwenyewe mpaka nikamaliza kumnyoa ndevu. Leo tulikuwa tumsogeze mbele kidogo. Nafika, muuguzi wake hayupo. Nauliza, naambiwa kaletwa kukushikia mkasi wa kukatia utepe. Si huyo hapo kando yako?" Minong'ono.)

Asante kwa mchango huo, mama. Tumpongeze seremala kwa kupumua! (Makofi hafifu.) Mumeo ni ushahidi hai wa mafanikio ya kituo hiki.

(Mama: "Hajawahi kukanyaga hapa, baba. Ni huyu dada anayemwekea mkono kifuani, anamwambia, 'Vuta, kaka, usiogope, niko hapa.' Bila yeye anaingiwa na hofu, anarudishwa mashineni. Naomba nirudi naye tu.")

Mama, subira huvuta heri.

(Sauti: "Heri gani, mwenzio anataka kuvuta pumzi!" Kicheko kikubwa. Muuguzi anaweka mkasi mezani. "Samahani, mheshimiwa, mgonjwa wangu ananisubiri." Anamshika mama mkono, wanaondoka. Umati unawapisha, kisha nao unaanza kupungua.)

Mpiga picha, usiwapige hao! Nawaona wananchi mnavyokimbilia kueneza habari njema. Sasa, kuhusu uboreshaji wa kapasiti, uimarishaji wa sistimu, na uimarishaji wa uboreshaji wenyewe, ambao mimi binafsi niliusimamia usiku na mchana hadi mke wangu akalalamika... (Anahutubia kwa muda mrefu. Msaidizi anapokea simu, anamnong'oneza.) Naambiwa muuguzi yuko kitandani pa seremala, mashine imezimwa kwa muda, na jamaa anapumua mwenyewe, mkewe kamshika mkono. Mnaona? Kituo kinafanya kazi nami bado nahutubia!

Pumzi ya mwananchi! Nimesema, pumzi ya mwananchi! (Msaidizi, peke yake: "Fahari yetu!")

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wenye ghala hili la saruji kwa kutuazima hadi jioni; duka la fanicha kwa vitanda, ambavyo msivikalie, nailoni zake hazijatolewa; na dereva wangu aliyekubali kulala pale kama mgonjwa, mwamsheni tuondoke. Kituo chenyewe tutaanza kukitafutia kiwanja mara tu ripoti ya mafanikio yake itakapopitishwa. Asanteni sana.