Ombi la Kuvuliwa Kikuku Kabla ya Harusi

Ndugu Afisa Pereki,

Mimi ni Rewi Tautahi, yule mvunja benki uliyenifunga kikuku cha kielektroniki mguuni ili mitambo yenu ijue nilipo usiku na mchana. Kwenye faili naitwa mtu wa hatari kubwa. Nashukuru kwa heshima hiyo, ila hapa kijijini wote wameshaniona nikikimbizwa na bata wa dada yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kikuku hula umeme. Kila jioni nafungwa waya ukutani kama mbuzi kwenye kigingi, na dada yangu Huhana hunimwagia viazi vitamu mapajani. "Menya, mdogo wangu, leo huna pa kukimbilia." Kisha huanza kunihubiria.

2. Kwetu jumba la ukoo haliingiwi na viatu. Kwenye msiba wa mjomba nilivua vyangu, na katikati ya hotuba ya kumuaga kikuku, kikiwa wazi mguuni, kikaanza kulia kwa kuishiwa umeme. Mjane akaninong'oneza, "Wewe Rewi, hata leo?" Niliona aibu kweli, na hapa sifanyi mzaha.

3. Mpaka mlionichorea unaishia kijitoni. Mikunga wote ninaowavua wako ng'ambo. Nashuku wameambiwa.

4. Kwa kuwa sijawahi kuvuka mpaka, wala wazo hilo sina, kikuku kinapoteza muda wake kwangu. Mvisheni Huhana, ambaye vyombo vikichafuka haonekani. Au mchungaji wetu, anayetafutwa kila penye maiti.

Binti yangu Ripeka anaolewa katika jumba hilohilo. Naomba nimsindikize peku, kama baba yeyote.

Wasalimie wote wanaonitazama kwenye skrini.

Wako mtiifu, ndani ya mpaka,
Rewi Tautahi

N.B. Barua hii haikuwahi posta. Jana mimi na mbwa wangu tulimfuata nguruwe mwitu hadi ng'ambo ya kijito, nikatumbukia korongoni na mguu ukavunjika. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hata mbwa walirudi nyumbani. Nilijua ndiyo basi. Kisha polisi, wakifuata kikuku, wakaja kunikamata, Mungu awabariki. Daktari anataka kukata kikuku apige plasta. Nimemwambia plasta aipige mguu mwingine. Suala la kuvuka mpaka tutaongea nikipona, lakini tafadhali kikuku kibaki. Nilimwuliza Ripeka kama nitamwaibisha harusini. Akasema, "Njoo nacho, baba. Angalau safari hii tunajua uliko."