Rangi ya Mlango wa Mama Mwenye Nyumba

Alhamisi, 6 Machi
Tumefika mtaa wa kale kando ya ghuba. Likizo ya miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mke wangu kanionya tangu kwenye basi: nikimtia aibu safari hii, narudi nyumbani peke yangu. Aibu gani, jamani!
Mtaa mzuri. Mzuri kupita kiasi. Vichochoro vimefagiwa, paka wamenona, kila mtu anasalimia wageni. Machale yakanicheza. Mama mwenye nyumba tuliyofikia anasema nyumba yake ina miaka mia mbili. Miaka mia mbili, na mlango unang'aa kama sufuria mpya? Mke wangu kaamini yote. Maskini, anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechunguza. Kila mlango una rangi yake, imeandikwa kwenye daftari la mtaa. Hata mwenye nyumba haruhusiwi kuibadilisha. Daftari la rangi! Hawa wanaficha kitu. Mpango: nikwangue kidogo kwa ufunguo. Nikikuta mbao mpya, utapeli umefichuka, mke wangu atanishukuru.
Wanawake walipokwenda sokoni, nikakwangua. Bluu. Chini yake bluu. Chini tena, bluu! Nikazidisha. Tabaka la saba, mtu akakohoa nyuma yangu. Mama mwenye nyumba. Mke wangu. Na jirani, fundi viatu.
Mke wangu akaninyang'anya ufunguo, akautia mkobani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Sheria ya mtaa: aliyeharibu mlango anaupiga msasa wote na kuupaka upya kwa mkono wake, majirani wakiona. Nikamwambia mama mwenye nyumba kiuno kinaniuma. Akaniletea kigoda. Fundi viatu akahamishia kazi yake mbele yangu, apate kunionyesha nilipoacha madoa. Mgeni mmoja alinipiga picha, akauliza kama ufundi huu nimerithi kwa babu. Fundi viatu akamjibu kwamba nimeuanza asubuhi.
Nimeng'amua njama! Wanamtega mgeni mwerevu akwangue, wanapata mpakaji rangi wa bure. Nikamweleza mke wangu. Akafunga begi. Langu tu. Nilimsihi mpaka machozi yakanilenga, nakiri. Akasema yeye anabaki.

Jumatatu, 10 Machi
Niko nyumbani peke yangu. Chai nimeiunguza, sijui hata inaungua vipi. Nimemkumbuka mno.
Amepiga simu. Anacheka. Anarudi Ijumaa. Kaniomba, kwa upole kabisa, nimwagilie maua.
Upole wa nini? Kuna jambo huko. Nimekata tiketi ya basi la kesho. Nimenunua miwani myeusi na kofia pana. Nitafikia nyumba ya mkabala, nitajiandikisha kwa jina la shemeji. Safari hii hawanipati.