Gauni la Nyanya wa Bwana Mapema

Wepukhulu alikuwa na vitu viwili tu vya kumtegemeza duniani: baiskeli na kalamu. Kalamu haikuwa na wino, lakini ilikaa mfukoni mwa shati ikionekana, na katika mji wa Eldoret mtu mwenye baiskeli na kalamu hakuulizwa kazi yake ni nini. Watu walimwona akipita, wakaamini anakwenda ofisini. Baiskeli ile ilimgharimu miaka miwili ya kuosha sufuria za wazungu, naye aliipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake, jambo ambalo ndugu hao walilijua.

Asubuhi moja ya mwaka 1958 alikuwa ameegemea nguzo kwenye baraza la duka la Mhindi, karibu na cherehani ya fundi Elphas, akifanya kazi kwa macho tu. Ndipo alipotokea Mama Nabwire, dobi wa mashamba ya Kapseret, na sanduku la bati kichwani. Akalitua kwa kishindo, akalifungua.

“Fundi,” alisema, na sauti yake ikafika ng'ambo ya barabara, “yule mama Kaburu mzee amerudi kwao Sauzi. Ameniachia hizi. Sasa nishauri, niuze wapi?”

Elphas alitoa gauni jeusi lenye vifungo kuanzia kidevuni hadi miguuni, kofia ya kike yenye ukingo mpana kama karai, na koti la kiume lililochakaa viwiko. Nondo walikuwa wamekula hapa na pale, bila haraka.

“Sokoni watakupa shilingi moja moja, wapasue wafanye matambara,” alisema Elphas. “Kanisani watachukua kwa mchezo wa Krismasi, lakini kanisa litakulipa kwa maombi. Mimi nataka vifungo tu.”

“Na huyo mama alikuja nazo na magari ya maksai, yale ya kwanza kabisa,” Mama Nabwire alinung'unika. “Hata hiyo sherehe yao ya miaka hamsini ni wiki ijayo. Lakini mimi mama wa kufua nguo, nitajua nini?”

Wepukhulu aliacha kuegemea nguzo.

Mji haukuwa na habari nyingine siku hizo. Makaburu walikuwa wakijiandaa kuikumbuka safari ya magari ya maksai yaliyowaleta Uasin Gishu mwaka 1908. Jamaa za wale wa kwanza wangekaa mbele, chini ya hema, wamevaa nguo za mababu zao. Waliokuja baadaye wangekaa nyuma, kwenye jua, pamoja na Waingereza. Na huko Kapseret aliishi Kaburu mmoja ambaye jambo hilo lilimnyima usingizi. Wafanyakazi walimwita Bwana Mapema, kwa sababu hakuacha kuwaambia watu kwamba jamaa yake ndiyo iliyotangulia kufika. Ukweli ni kwamba baba yake alikuja kwa treni, miaka kumi na minane baada ya wenzake. Alishuka stesheni na mwavuli.

Hapo Wepukhulu alifunuliwa jambo ambalo, kwa maoni yake, Mungu humfunulia mtu mmoja tu katika kila wilaya: bei ya nguo kuukuu haimo ndani ya nguo, imo kwenye mlango utakaopigia hodi. Sokoni gauni lile ni tambara. Kwa Elphas ni vifungo. Kwa Bwana Mapema ni kiti cha mbele, na mtu mwenye ekari elfu mbili angetoa shilingi mia tatu kwa kiti cha mbele bila kukohoa.

“Mama,” alisema kwa upole wa katekista, “hizi nguo zitakusumbua bure. Wacha nikusaidie. Nina shilingi nne.”

“Nne? Sanduku peke yake ni sita.”

“Basi chukua baiskeli.”

Ulimi ulitangulia akili, lakini akili ilipofika ilikubali. Mia tatu zingenunua baiskeli nyingine, mpya kabisa, na chenji ya kutosha kumnyamazisha mwenye nyumba.

Mama Nabwire alirudi nyuma hatua mbili. “Mimi mzee hivi, baiskeli nitapeleka wapi? Hapana, kijana. Watu watanicheka.”

Ilimchukua Wepukhulu karibu saa nzima kumbembeleza. Alimwonyesha taa, akampigia kengele, akamweleza jinsi kariya inavyobeba mizigo miwili ya nguo bila kulalamika. Mwishowe mama alikubali huku akiguna, kama mtu aliyeletewa mgonjwa wa watu nyumbani kwake. Elphas alishuhudia, akakata vifungo viwili vya koti kuwa ada yake, kisha akainama juu ya cherehani kana kwamba ameangusha sindano.

Kesho yake Wepukhulu alishika njia ya Kapseret kwa miguu, sanduku kichwani, na kila hatua akiongeza jambo kwenye ukoo wa Bwana Mapema. Alimkuta barazani akinywa kahawa na majirani wawili, wazee wa kamati ya sherehe. Mtapeli mwingine angesubiri wageni waondoke. Wepukhulu alifurahi. Alikuwa na kanuni yake, kwamba uongo wa faraghani hupunguzwa bei, lakini uongo wenye mashahidi hulipwa kama ulivyo.

“Bwana,” alisema kwa sauti ya kusikika na wote, “nimeleta gauni la nyanya yako. Alikuja nalo na gari la kwanza. Walipovuka mto, sanduku likaanguka, likaokotwa, likatunzwa miaka hamsini.”

Mzee mmoja alivua kofia. Bwana Mapema alishika mkono wa gauni, na machozi yakamtoka. Yalikuwa machozi ya kweli, kwa nyanya ambaye hakuwahi kuliona gari la maksai.

“Shilingi mia tatu tu, Bwana. Kwa heshima yake.”

“Hii ya nyanya yangu?”

“Yake kabisa.”

“Wewe hapana danganya?”

“Haki ya Mungu!”

Bwana Mapema aliwageukia majirani zake. “Nyinyi nasikia?” Wakaitikia kwa vichwa. “Basi. Kama hii ya nyanya yangu, hii yangu. Mimi nanunua kitu yangu namna gani? Na wewe, kitu ya nyanya yangu nafanya nini mkononi yako?”

Njia ya mwongo ni fupi, nayo iliishia pale barazani. Akisema gauni si la nyanya, ni mtapeli. Akisema ni lake, ni mwizi. Wepukhulu aliuzunguka uongo wake akitafuta mlango wa kutokea, akakuta ameujenga vizuri mno.

“Kipande yako iko wapi?” aliuliza yule mzee aliyevua kofia, akidai kitambulisho chake cha kazi kwa upole uliomtia jasho.

Lakini Bwana Mapema alikuwa na furaha, na furaha ikamfanya mtu wa huruma. Alimsamehe. Alimwamuru aliingize sanduku ndani, na kwa kuwa anayerudisha mali ya mwenzake hastahili kwenda mikono mitupu, akampa kabichi moja.

“Sema asante.”

“Asante, Bwana.”

Alirudi mjini miguu ikimwaka. Kwenye baraza la Mhindi alimkuta Mama Nabwire akifunga mizigo ya nguo kwenye kariya. Baiskeli ilikuwa imeoshwa, iking'aa kuliko ilivyowahi kung'aa kwake, na hilo lilimuuma. Lilimuuma kweli kweli.

“Pole, kijana. Amekulipa?” Mama aliitazama kabichi. “Ee, amekulipa.”

“Mama, ulijua?”

“Nimefua shati za huyo mzungu miaka kumi na moja. Hajawahi kununua kitu anachoweza kusema ni chake.”

“Sasa si ungeuza tu sokoni!”

“Nilifikiria sana. Sokoni, shilingi tatu. Kanisani, maombi. Kwa Kaburu, jela. Nikaona heri nitafute mtu anayejua mahali pazuri pa kuuzia, nimuuzie huyo.” Alikaza kamba. “Jana ilikuwa mara ya tatu kuleta hilo sanduku hapa. Juzi ulikuwa umesinzia, ikabidi nirudi nalo.”

Elphas alikuwa bado anatafuta sindano yake.

Mama Nabwire aliisukuma baiskeli hadi barabarani, akaijaribu kengele mara moja, kisha akasimama na kugeuka.

“Na hiyo kabichi,” alisema, “umeshafikiria utaiuza wapi?”