Swali Dogo Kuhusu Uani kwa Bi Mwantum

Jumatatu, 16 Juni

Stanley amenusa shali yangu. Mbele ya watu! Aliinama juu ya meza yangu kana kwamba anatafuta kalamu, akavuta pumzi ndefu, kisha akatangazia ofisi nzima kwamba Paulina ananuka moshi wa kuni na mlenda, na kwamba yeye hajui mgahawa wowote hapa mjini unaopika mlenda kwa kuni. Nimemjibu kwamba ni manukato mapya. Jibu dhaifu, nakiri.

Hatari ni kubwa. Stanley ndiye mwenye kundi la WhatsApp la ofisi, Meza ya Makao Makuu, na furaha ya maisha yake ni kugundua mahali palipojificha pa kula hapa Dodoma na kupaanika kundini. Akishapaanika, kesho yake idara nzima inavamia. Baada ya wiki chache mpishi ananunua maua ya plastiki. Baada ya miezi michache ugali wa uwele umetoweka, zimebaki chipsi mayai. Nimeshuhudia vifo kadhaa vya namna hiyo, na kimoja nilikililia.

Kwa hiyo Bi Mwantum lazima abaki siri. Uani kwake, nyuma ya gereji ya malori karibu na reli, pana mabenchi manne na hapana kibao. Mama huyu wa Kondoa anapika kama mtu asiyejua kwamba vitu vizuri huweza kuharibiwa. Siku ya kwanza nilipoomba kijiko aliniuliza mlenda umenikosea nini hata niuchome na chuma. Nilinawa mikono. Nimekuwa mtu wake tangu hapo.

Lakini leo amenishtua. Amesema wateja hawatoshi. Mwezi ukiisha hivi hivi atafunga jiko na kurudi Kondoa kwa kaka yake. Ameniomba niwalete wenzangu. Nimemwambia wenzangu wana vidonda vya tumbo. Wote, mwanangu? Wengi, mama. Ameniangalia kwa huruma, akasema kumbe kazi ya serikali ni ngumu hivyo.

Nimeagiza sahani ya pili, ili kuongeza idadi ya wateja.

Natambua upo mkanganyiko: nataka pawe hai na wakati huohuo pawe patupu. Sijapata suluhisho. Tumbo limejaa mno kufikiri.

Jumanne, 17 Juni

Nimefuatwa! Na mtu mzima mwenye shahada ya uzamili! Nilimwona Stanley akijibanza nyuma ya toroli la miwa, tai yake ikipepea kwenye upepo huu wa Juni kama bendera. Nikageuza njia. Nikaingia duka la majeneza, nikiamini hakuna atakayenifuata humo. Akaingia. Muuzaji alitupa pole sote wawili, akauliza kwa upole kama aliyefariki ni baba yetu. Stanley, bila haya, akaitikia ndiyo, akaanza kusifia mbao.

Nimekula andazi moja, nimesimama.

Jambo baya zaidi: jioni amewauliza mafundi wa ile gereji kama kuna mama anayepika karibu. Hili ninalijua kwa sababu amejisifu mwenyewe kundini. Anasema anasikia harufu, na kesho atafika. Sina budi kutenda kabla yake. Sitasema uongo, sikulelewa hivyo kule Kibakwe, wala sikufundishwa hivyo chuoni. Nitauliza swali tu. Swali halina hatia.

Jumatano, 18 Juni

Nilituma kabla ya chai. Nainakili hapa ili historia inihukumu kwa haki: “Ndugu wajumbe, bila kumtuhumu yeyote, na nikikiri kwamba ushahidi nilio nao hautoshi kufikia hitimisho lolote, naomba kuuliza: je, yupo mwingine aliyesumbuliwa kidogo na tumbo baada ya kula nyuma ya gereji karibu na reli?”

Sentensi iliyopimwa. Nilijivunia hasa neno “kidogo”.

Wakati wa chai, “kidogo” lilikuwa limepotea. Baadaye swali lenyewe likapotea, likabaki jibu. Mchana nikasikia ukumbini kwamba kuna kipindupindu relini. Kipindupindu! Kisha Stanley, aliyekaa mbele yangu, akaandika kundini kwamba dada yetu Paulina amelazwa na tumwombee. Nilimtazama. Akanitazama. Akaniuliza mbona nimetoroka wodini.

Nilijaribu kueleza tofauti kati ya swali na madai. Mkurugenzi, mama yetu anayestaafu mwezi huu, akasema mgonjwa asibishane. Akaniletea yeye mwenyewe jagi la maji ya chumvi na sukari, akavuta kiti, akasimamia. Nililimaliza lote. Kila nilipotua alisema: “Kunywa, binti yangu, kunywa, usione aibu, tumbo halina cheo.”

Mwenzetu mmoja wa masijala aliimba pambio. Alikuwa na sauti nzuri, kwa kweli.

Ijumaa, 20 Juni

Jiko limezimwa. Sikutarajia. Naapa sikutarajia! Nilipofika uani nimekuta kuni zimepangwa ukutani, masufuria yamefunikwa, na Bi Mwantum ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza. Nilimwamkia shikamoo, marahaba yake haikuwa na nguvu. Bwana afya wa kata, Bwana Gideoni, amemfungia jana hadi uchunguzi ukamilike. Yasemekana mtu mkubwa wa ofisini amekula hapa na sasa yu mahututi.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kama wamemtaja huyo mtu. Hapana, alisema. Kisha akaongeza kwamba anamwombea apone haraka, na akishapona ulimi wake uote upele, mdogo tu, wa kumkumbusha.

Nimeanza kuusikia upele huo.

Hatangoja mwezi uishe. Asipofunguliwa, Jumatatu anapanda basi la Kondoa. Amenipa kibuyu chake cha asali kama kumbukumbu, kwa kuwa, amesema, mimi peke yangu ndiye niliyempenda bila masharti. Nimekipokea. Ningefanya nini?

Je, mimi ndiye chanzo? Nimelipima jambo hili kwa makini. Mimi niliuliza; wengine ndio walijibu. Hata hivyo sidhani kama hoja hii itanipa usingizi.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemfuata Bwana Gideoni nyumbani kwake, nimemkuta akimwagilia mchicha. Nikajitambulisha kama mpenda haki. Akasema kwa kweli ule ua ni msafi kuliko sebule yake, na nisiseme hivyo mbele ya mke wake. Maji safi, choo safi, vyombo safi. Kinachomzuia ni mgonjwa tu. Kuna mama mmoja, Paulina, anayedaiwa kuugua. Ajitokeze, aseme alikula wapi, basi. Je, ninamfahamu?

Nikasema ninamfahamu kiasi.

Akanitazama kuanzia viatu hadi shali. Akauliza kama ni mimi. Nikasema kwa namna fulani, ndiyo. Akafurahi kuniona hai! Akanikalisha, akauliza nilikula wapi.

Hapa ndipo mtu muungwana angesema kweli. Niliiona kweli, ilikuwa karibu kabisa, nikaipita. Nilisema kwamba, baada ya kutafakari upya, si uani kwa Bi Mwantum. Ni pengine. Wapi? Likatoka jina la mgahawa wa kwanza lililokuwapo: Bustani ya Tausi. Niliongeza haraka kwamba siwezi kusema kwa uhakika. Alikuwa ameshavaa kofia.

Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka. Bustani ya Tausi ndiko tutakakomuaga Mkurugenzi, Jumatano. Ukumbi umechaguliwa na Stanley. Vitambaa vya meza vimeshapelekwa!

Jumatatu, 23 Juni

Panya. Ndani ya pipa la unga. Na watoto wake.

Bwana Gideoni alikwenda Bustani ya Tausi jana na kuwakuta, wametulia kama wapangaji wa siku nyingi. Nilitunga mahali, na mahali nilipopatunga pakawa na hatia kweli! Sijui elimu yangu inasema nini kuhusu hili. Bustani imefungwa. Stanley, aliyepapatia mahali pale nyota tano na kuandika kwamba unga wa pale una ladha ya kipekee, amekuwa akisukutua mdomo tangu asubuhi.

Ofisini mimi ni shujaa. Mkurugenzi amenishika mabega akisema nimeugua kwa niaba ya wote. Nikainamisha kichwa. Ilionekana ni unyenyekevu.

Bi Mwantum amefunguliwa leo, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya basi. Nilikuwa nimeanza kuhesabu furaha yangu: jiko linawaka, siri ipo, Stanley ameaibika. Ndipo Mkurugenzi akaita kikao cha dharura. Tumuage wapi? Amempigia Bwana Gideoni kuuliza mahali ambapo anaweza kuapa kwamba ni safi. Bwana Gideoni amesema ni mahali pamoja tu mjini hapa alipokagua kila kijiko: uani kwa Bi Mwantum.

Wote wamegeuka kunitazama. Mkurugenzi amesema mimi niongoze njia.

Jumatano, 25 Juni

Idara nzima. Wengine na waume zao.

Mabenchi hayakutosha, mafundi wa gereji wakatoa matairi. Stanley alikaa mahali pangu, pale pale, kwenye kona yenye kivuli. Mkurugenzi akakataa kijiko, akakunja mikono ya gauni lake la hariri, akavuta mlenda hadi uzi ukafika kwenye miwani. Alisema huko Dar alikotumikia miaka yote alikuwa anadanganywa. Bi Mwantum akapiga kigelegele ambacho naamini kilisikika Chamwino.

Mimi nilikula nimesimama, nimeegemea tairi la trela. Ugali ulikuwa mzuri kuliko siku zote, jambo lililoniumiza.

Kisha Bi Mwantum akanivuta pembeni, penye masufuria. Hatarudi Kondoa, alisema; amepata maagizo ya kila siku, na kaka yake ndiye atakayekuja huku kumsaidia. Akanikumbatia. Halafu akaninong’oneza kwamba Bwana Gideoni amemweleza mgonjwa alikuwa nani.

Nikaanza kupanga vifuniko vya masufuria.

“Mwanangu,” alisema, “ningejua, ningekuombea uugue mapema.” Akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Akaniagiza nitoe ulimi auangalie upele. Nilitoa! Mimi, afisa mipango mwandamizi, mbele ya masufuria!

Alicheka kwa furaha, au alinicheka? Nimelifikiria njia nzima. Sina hakika. Nadhani alinisamehe kabla sijamwomba, na hilo halina utaratibu.

Ijumaa, 27 Juni

Maua ya plastiki yamewasili. Ya zambarau. Stanley ndiye aliyeyanunua, kama zawadi, naye ameandika kundini kwamba mahali hapa alipagundua kwa pua yake mwenyewe. Kaka ameshuka kutoka Kondoa na kikaango kikubwa. Mlenda sasa ni kwa oda.

Bi Mwantum ananenepa na kung’aa. Ningependa kusema nimefurahi. Nimefurahi. Nimeaga nikiwa na njaa.

Jumapili, 29 Juni

Hombolo! Nilikwenda peke yangu baada ya ibada, bila kumuaga mtu. Karibu na bwawa, mwisho wa njia inayopita mashamba ya mizabibu, kuna banda la mabua. Mzee Silvano anavua perege, mkewe Evarista anawabanika kwa chumvi na ndimu, na ugali ni wa mtama. Nilikuwa mteja pekee. Nilitokwa machozi; nilisingizia moshi.

Jioni Stanley ameuliza kundini Paulina alikuwa wapi, kwa kuwa kanisani nilionekana nimevaa viatu vya safari.

Nimetafakari kwa kina makosa yangu ya wiki mbili hizi, na nimefikia hitimisho, ingawa ninalishikilia kwa tahadhari. Kosa halikuwa swali. Kosa lilikuwa tumbo. Tumbo ni la kila mtu. Mtu akisikia la mwenzake, lake linaanza kunguruma. Nilihitaji kitu kisichoambukiza. Hivyo nimeandika, kwa lugha iliyopimwa zaidi kuliko mara ya kwanza, kuuliza tu kama yupo mjumbe mwingine aliyeona mamba katika bwawa la Hombolo.

Stanley amejibu papo hapo. Amesema hajawahi kuona mamba tangu azaliwe. Ameshakodi basi dogo la Kosta, Jumamosi ijayo idara nzima inakwenda na watoto.

Nimeshtuka. Nimetulia. Nimesahihisha takwimu: mamba ni wawili.